Nyuma ya Duka Jekundu

Hakuna mtu aliyemchagua Mama Simu kuwa Mama Simu. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa heshima zake, mwenye miguu inayovimba akisimama na mdomo usiojua kupumzika. Alikodi chumba cha mbele cha jengo la zimamoto kwa sababu kilikuwa na mwanga mzuri na dirisha la barabarani, basi. Kikosi kilipopewa simu ya dharura, wakaanza kuulizana nani atakaa nayo, maana wote walikuwa watu wa kujitolea na mchana kila mmoja yuko kwenye shughuli zake. Wakatazamana. Halafu wote wakamtazama yeye.

"Si upo tu hapo, mama?" akasema Mwalimu, aliyekuwa mkuu wa kikosi.

Upo tu! Mtu anashona sare za shule nzima, anaambiwa yupo tu. Aliwasema siku hiyo mpaka wakaomba radhi, halafu akaichukua simu akaiweka kando ya cherehani, na haikutoka hapo tena.

Na kikosi chenyewe, usione yale makoti mazito ukadhani kuna kitu. Gari lilikuwa moja, la msaada, kuukuu, usukani upande usio wake. Mipira ya maji ilikuwa na viraka juu ya viraka. Redio za mkononi walipewa mbili, zikaja bila chaja, na mpaka leo ziko kabatini zinapendeza tu. Vinyago vya kuvaa kwenye moshi vilikuwepo. Hewa ya kwenye mitungi ndiyo haikuwepo, kwa sababu mashine ya kuijaza iko mji mwingine na kila wakienda wanaambiwa fundi hayupo. Kwa hiyo mtu akiingia kwenye moshi alijifunga fulana iliyolowa maji, akamwomba Mungu, akainama.

Dereva alikuwa Breki, fundi wa magari, mtu mpole asiyeendesha kwa kasi hata akifukuzwa na mbwa. Ndiyo maana ya jina lenyewe. Msaidizi wake alikuwa Kinyozi, mtoto wa kaka yake Mama Simu. Huyu aliwazoesha wateja wake vibaya: simu ikilia anatupa mashine, anakimbia, anamwacha mtu amenyolewa upande mmoja. Na wateja walimngoja! Walikaa kwenye viti na nusu ya nywele zao, wanasoma magazeti ya zamani, mpaka arudi akiwa ananuka moshi.

Lakini tatizo lao kubwa halikuwa gari wala mipira. Mji wao haukuwa na majina ya mitaa yanayojulikana, wala namba za nyumba. Kibao kimoja kiliwahi kuwekwa, kikaishia kufunikia pipa la mtu. Mtu akipiga simu anasema "njooni huku kwetu," na huko kwetu hakusemeki. Mara ngapi gari limezunguka na maji yake mpaka moto ukazimwa na majirani kwa ndoo! Wakifika wanazomewa. Breki alikuwa akizomewa anashuka anaomba msamaha mmoja mmoja, kama aliyefiwa.

Mama Simu ndiye aliyepata dawa. Aliwaambia watu, kwenye mikutano, sokoni, kila anapompima mtu nguo: ukinipigia, usinieleze habari za jirani yako aliyehama, niambie duka lililo karibu nawe lina rangi gani. Maana kila kona ilikuwa na duka, na kila duka lilikuwa na rangi yake. Duka la buluu lilikuwa karibu na shule. La kijani nyuma ya soko. La njano juu kule kwenye transfoma. La mistari kwenye maegesho ya malori. Na duka jekundu liko hapo hapo, ukitoka geti la zimamoto unakata kona ya kwanza. Ramani yote ilikuwa kichwani mwake, na ilifanya kazi. Wakubwa walipokuja kukagua, walimpigia makofi. Akajifanya hakuona, lakini wiki nzima alikuwa anaimba.

Halafu kampuni moja ya simu ikaleta rangi yake.

Ilitaka kupaka maduka yote ya mji bure, mradi nembo yake iandikwe ukutani. Nani atakataa rangi ya bure? Wenye maduka walishukuru. Na kazi ya kupaka, wakaipata kina nani? Kina Breki na Kinyozi. Walitumia ngazi ya gari la zimamoto. Wakapaka kutwa, mji mzima, na ujira wao hawakuula. Walinunulia kikosi betri na spika ya king'ora, kwa sababu king'ora kilikuwa kimekufa zamani na gari lilikuwa linapita barabarani Breki akipiga honi na Kinyozi akipiga kelele dirishani. Siku king'ora kilipolia tena, watu walitoka nje wakashangilia. Mama Simu alifuta machozi kwa kipande cha kitambaa cha sketi.

Kila jioni ya kazi ile Kinyozi alikuwa anapita chumbani kwa shangazi yake, mikono myekundu hadi viwiko, na shangazi anamfokea: "We! Usiniguse vitambaa vyeupe na hayo makucha yako!" Wakacheka. Wote walicheka. Na katika wote wale, watu wazima na akili zao, hakuna hata mmoja aliyekaa akajiuliza ile ramani sasa itakuwaje. Hata mwenye ramani.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa, saa ambazo watu wako kazini na watoto wako shule. Mawingu yalikuwa chini, na kama kawaida kulikuwa na moshi wa takataka huku na huku. Mama Simu alikuwa anapinda sketi. Simu ikalia.

"Halo, zimamoto."

"Mama, nyumba inaungua." Ilikuwa sauti ya binti, nyembamba, ya mtu anayejitahidi asilie ili aeleweke. "Kochi linawaka. Waya wa friji ulipiga cheche, pazia likashika, sasa kochi linawaka."

"Tulia, mwanangu. Wewe uko wapi? Uko nje?"

"Niko ndani, chumbani kwa mama mkwe. Mama hatembei. Alipata kiharusi, hatembei wala haongei. Nimejaribu kumbeba nimeshindwa."

"Duka lililo karibu nanyi ni la rangi gani?"

"Jekundu. Tuko nyuma ya duka jekundu."

Mama Simu alishusha pumzi kwa furaha. Kabisa, furaha. Jekundu! Angeambiwa la njano angeanza kuhesabu mashimo na zile kona za kupanda kilimani. Lakini jekundu! Kama si miguu yake, angekwenda mwenyewe na ndoo. Aliweka simu ya kikosi begani, akaibana kwa shavu, akachukua simu yake mwenyewe akampigia Breki. "Duka jekundu, nyuma yake, watu wako ndani." Karakana ya Breki ilikuwa inatazamana na geti. Akampigia Kinyozi, akampigia Mwalimu. Hata hakumaliza kumweleza Mwalimu, alishasikia gari linanguruma uani.

"Mama?" Binti alikuwa bado yuko. "Mama, nisikilize. Mimi naweza kupita sasa hivi. Moshi bado uko juu, nikiinama napita mpaka mlango wa mbele. Lakini nikimwacha huyu..." Akakohoa. "Au nimburute? Nimburute na godoro?"

Hapa ndipo Mama Simu aliporudi akilini kila siku baadaye, hapa tu. Alikuwa amefundishwa. Walipelekwa semina, wakakalishwa kwenye viti vya plastiki, wakaambiwa: mtu akiwa chumbani na moto uko chumba kingine, na msaada uko karibu, asipite kwenye moshi; moshi ndio unaoua. Afunge mlango, azibe chini kwa nguo mbichi, angoje. Na msaada ulikuwa karibu. Ulikuwa hapo kona ya kwanza!

"Usipite kwenye moshi, mwanangu," akasema. "Moshi wa godoro na kochi ni sumu, utaanguka katikati. Funga mlango wa chumba. Una maji humo?"

"Ndoo ya kumwogeshea mama ipo."

"Basi lowesha nguo, shuka, chochote, uzibe chini ya mlango. Halafu kaa chini sakafuni na mama yako. Watu wangu wako hapo mgongoni kwako. Watafika hata hujamaliza kulowesha."

"Kweli, mama?"

"Sasa nikudanganye ili iwe nini?"

Akasikia mlango ukifungwa. Akasikia maji. Na nje, mbele ya dirisha lake mwenyewe, gari la zimamoto likapita, Breki ameng'ang'ania usukani, Kinyozi anavaa koti huku kofia ngumu imemkaa kisogoni, Mwalimu anarukia nyuma na chaki bado mkononi. King'ora kilipiga mpaka vioo vikatetemeka. Mama Simu akaziba sikio moja akacheka kwa raha.

"Haya, si unawasikia hao?"

"Nani, mama?"

"King'ora! Hukisikii?"

"Sisikii kitu," binti akasema. "Kuna moto tu, unalialia hapo nje."

Mama Simu aliduwaa. Gari lilikuwa limeshakata kona, na king'ora alikuwa anakisikia bado, wazi, kama kiko chumbani. Mtu aliye nyuma ya duka lile asikisikie? Labda ni mlango umefungwa, akajiambia. Labda ni hofu.

Simu yake mwenyewe ikalia. Alikuwa Kinyozi.

"Shangazi, hapa hakuna moto. Tumezunguka nyuma yote. Mwenye duka anasema hata harufu hajaisikia."

Na hapo akaiona ile mikono. Myekundu hadi viwiko, imesimama mlangoni pake, na yeye anafoka habari za vitambaa vyeupe.

"Baba," akasema, na hakuwa amemwita Kinyozi hivyo tangu alipokuwa mtoto, "yale maduka mliyopaka. Ni yapi yaliyobaki na rangi yake?"

King'ora kilikuwa kinaendelea nyuma ya Kinyozi.

"Hakuna, shangazi," akasema. "Tulipaka yote."

Sasa ukisikia mtu kuchanganyikiwa, ni hivi. Simu mbili, moja kila sikio, miguu haibebi, na mji mzima una maduka mekundu. Mama Simu alimgeukia binti. "Mwanangu, hilo duka lenu, kabla ya kupakwa lilikuwa rangi gani?"

"Sijui, mama. Mimi mgeni. Nimeolewa juzi tu, nimekuja nimelikuta jekundu."

"Kuna nini karibu? Kuna shule? Kuna soko?"

"Kuna barabara ya vumbi. Kuna shimo. Geti letu ni la bati."

Barabara gani haikuwa ya vumbi? Geti gani halikuwa la bati? "Mumeo ni nani? Anafanya kazi gani?"

"Dereva wa malori ya mbali. Yuko safari. Nimempigia hapatikani."

Malori! Duka la mistari, kwenye maegesho! Alimpigia kelele Kinyozi, na gari likageuka. Halafu papo hapo akajitilia shaka, maana madereva wa malori hawalali kwenye maegesho, wana nyumba zao kila upande, kama watu wengine. Lakini alikuwa ameshasema, na huwezi kulituma gari mahali pawili. Alimwomba Mungu, kwa maneno ya ovyo ovyo tu, kama anayevutana na mtu kwenye bei.

Ndipo ule mlio ukaanza kwenye sikio lenye simu ya binti. Ti, ti. Ti, ti. Mtu mwingine alikuwa anajaribu kupiga simu ya kikosi.

Mama Simu aliujua mlio huo na alikuwa anauchukia. Simu yenyewe ilikuwa ya vitufe, ya zamani. Siku moja alijaribu kumpokea wa pili bila kumkata wa kwanza, akawapoteza wote wawili, na wa kwanza hakupiga tena. Ilikuwa jiko la gesi, walipona, lakini siku hiyo alikula kiapo. Na kwenye semina walisema vilevile: aliye ndani ya moto usimwachie mkono. Basi akauacha mlio ulie.

"Mama, moshi unaingia kwa juu. Juu ya mlango kuna uwazi."

"Weka nguo."

"Sifiki. Na nguo nyingine nimemfunika mama. Analia, mama. Haongei lakini analia."

"Mwambie watu wanakuja."

Akamsikia akimwambia. Alimwambia vizuri, kwa sauti ya kubembeleza, "Mama, wanakuja, nimeongea nao, wako hapa nyuma tu." Mama Simu akauma kidole.

"Dirisha lina nini?"

"Nondo. Nimezivuta. Nimeita, lakini wenyeji wa jirani wako kazini."

Ti, ti.

"Shangazi!" Kinyozi kwenye sikio lingine. "Maegesho hakuna kitu. Tumeona moshi upande wa soko, tunaelekea huko."

"Nendeni! Na king'ora msizime, unanisikia? Msizime hata mkisimama!" Akili ilikuwa imemjia, sijui kutoka wapi. "Mwanangu, nisikilize. Usiongee, usimalize pumzi yako. Weka simu karibu na dirisha. Mimi nitasikiliza."

Na akasikiliza. Alizima cherehani, ingawa ilikuwa imezimika muda wote. Sikio la kulia king'ora kikali, kiko pale pale na Kinyozi. Sikio la kushoto moto, kikohozi, na kitu kinachodondoka dondoka. Akaegemea sikio la kushoto mwili mzima. Kwa mbali, nyuma ya kikohozi, je, si kile? Uzi mwembamba wa sauti, unapanda unashuka.

"Kinyozi, mko wapi?"

"Sokoni. Shangazi, ni takataka. Ni watu wanachoma takataka!"

"Geukeni. Pandeni. Pandeni kilimani, huko nasikia!"

Hakuwa na uhakika. Lakini gari lilivyopanda, ule uzi ukanenepa. Alimwambia Breki akate kulia, ukafifia, akapiga kelele warudi, kushoto, kushoto, baba, kushoto! Breki, mtu asiyeendesha kwa kasi hata akifukuzwa na mbwa, alikuwa analiendesha lile gari bovu kama kichaa, Mwalimu akasema baadaye kwamba kwenye kona moja magurudumu ya upande mmoja yaliacha ardhi. Ti, ti, ule mlio wa kando ulikuwa unamkatia sauti kila mara, akautukana matusi ambayo hajawahi kuyatamka mbele ya watu.

"Wanakuja, mwanangu. Safari hii wanakuja kweli. Unawasikia?"

"Nawa..." Kikohozi. "Nawasikia."

"Ehee! Si unaona? Lala chini. Pua sakafuni."

"Mama usikate."

"Sikati. Nikukate niende wapi?"

Hakujibiwa. King'ora kilikuwa kinakua sikio la kushoto, kinakua, kinakua, na yeye anamwambia binti "wako hapo kona, sasa wako hapo shimoni, ngoja kidogo tu," kama anayemlaza mtoto. Mwisho kikafika mahali ambapo masikio yote mawili yalikuwa yanasikia kitu kimoja, kwa ukali uleule. Akamsikia Kinyozi akipiga kelele "Ni hapa!" kwenye sikio la kulia, na nusu pumzi baadaye akamsikia tena, Kinyozi yuleyule, akipiga kelele "Ni hapa!" kwenye sikio la kushoto, nje ya dirisha lenye nondo.

"Umewasikia?" Mama Simu akauliza. "Mwanangu? Si umewasikia?"

Aliyasikia yote yaliyofuata, na hakuweza kufanya hata moja. Alisikia geti la bati likiangushwa. Alisikia pampu ikikataa, Breki akiitukana na kuibembeleza, halafu ikakubali. Alisikia mpira ukipasuka kwenye kiraka na Mwalimu akiukalia. Kulikuwa na watu wengi sasa, na mwanamke mmoja anafoka karibu kabisa na simu ya Kinyozi: "Sasa ndio mnakuja? Tumepiga simu mpaka basi! Inatumika, inatumika! Mlikuwa mnaongea na nani muda wote huo?" Kinyozi alikuwa anajifunga fulana mbichi usoni. Shangazi yake aliijua ile pumzi ya kitambaani, akajua anaingia bila hewa, na hakusema usiingie.

Simu ya sikio la kulia ikakatika. Kushoto kukabaki maji, maji, maji. Halafu mlango ukisukumwa, hausogei. Unasukumwa tena. "Kuna kitu kimeziba," Kinyozi akasema kwa sauti ya mtu aliyebanwa kifua. Wakasukuma wote. Kikaburuzika kitu kizito.

Kukawa na kimya cha watu waliokuwa wanafanya kazi wakaacha.

"Bibi anapumua," akasikika Breki. "Mtoeni bibi. Polepole, shikeni na godoro."

Mama Simu alikaa na simu sikioni. Sketi ilikuwa mapajani, sindano bado imechomeka kwenye pindo. Aliita mara moja tu, kwa sauti ndogo: "Mwanangu?"

Simu ilichakarika. Mtu alikuwa ameiokota.

"Halo?"

"Breki. Ni mimi."

"Kumbe ni wewe bado uko huku," akasema Breki.

"Yeye yuko wapi?"

"Alikuwa amekaa mlangoni, mama. Mgongo kwenye zile nguo. Bibi alifunikwa vizuri. Nguo zote mbichi alimwekea bibi."

"Mpulizieni. Mwalimu alifundishwa, mwambie ampulizie!"

"Anampulizia. Kinyozi naye..." Nyuma yake mtu alikuwa analia kwa kwikwi, na alikuwa ni mtoto wa kaka yake. "Kata simu, mama."

"Nilimwambia sikati."

"Najua. Kata tu. Kata, Mama Simu."

Akakata. Kidole kilikosea kitufe, akajaribu tena. Chumba kikawa kimya, na nje ya dirisha watu walikuwa wanapita na mizigo yao. Akabaki anaitazama simu mkononi, na kabla hajaiweka chini, ikalia.

Aliipokea. Si kwa kutaka, mkono ulizoea.

"Halo! Zimamoto?" Alikuwa mwanamume mtu mzima, anahema. "Ah, jamani, afadhali! Napiga tangu muda ule, inatumika tu. Mama, kuna nyumba inaungua, mimi niko huku ng'ambo ya bonde, nauona moshi kabisa. Sikiliza nikuelekeze kama ulivyotufundisha. Ni duka la njano. Sasa hivi wamelipaka jekundu, lakini wewe si unalijua, lile la njano la zamani, pale kwenye transfoma. Ukilipita tu, geti la kwanza la bati, kwa dereva wa malori. Ndani kuna mama yake mgonjwa, na kuna mkwe wake. Wahini, mama. Yule binti ni mgeni, hajui mtu hapa."

Mama Simu alimwacha amalize.

"Umenipata, mama?"

"Nimekupata, baba."

"Watachukua muda kufika?"

"Wameshafika," akasema Mama Simu.

"Wameshafika! Loo, Mungu awabariki," akasema yule mzee, na furaha ilimjaa sautini. "Mnafanya kazi kubwa sana, mama. Asante. Asanteni sana."